UZEE SI UGONJWA: Tuilinde kinga ya mwili ya wazee wetu

Mzee akilala ndani siku mbili bila kutoka kuota jua, majirani huuliza, "Mzee ana nini?" Jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Ni uzee tu." Somo la leo linahusu maneno hayo matatu. Maneno hayo huwachelewesha wazee kufika kituo cha afya. Mzee ambaye angepona nimonia kwa dawa za siku chache huachwa alale, na anapobebwa hatimaye, nguvu zimekwisha.

Somo hili ni kwa wazee wenyewe, yaani waliofika miaka 60 na kuendelea, na kwa wote wanaoishi nao: watoto, wakwe, wajukuu na majirani. Kama nyumbani kwako kuna mtu asiyejua kusoma, au ambaye macho yake hayaoni vizuri, tafadhali msomee kwa sauti, sehemu moja kila jioni.

Baada ya somo hili utaweza:
- kueleza kwa nini kinga ya mwili hupungua uzeeni;
- kutambua dalili za ugonjwa kwa mzee hata kama hana homa;
- kumlisha na kumnywesha mzee vizuri kwa vitu vinavyopatikana hapa kambini;
- kujua dawa za sokoni ambazo huua kinga badala ya kuijenga.

1. Kinga ya mwili ni nini?

Fikiria nyumba yenye ukuta, mlango na walinzi wa usiku. Mwili nao uko hivyo. Ukuta ni ngozi. Milangoni kuna kamasi za puani, machozi, mate, na asidi ya tumboni inayoua vijidudu vingi tunavyovimeza. Kikohozi nacho ni mlinzi wa mlango: hutoa nje uchafu ulioingia kifuani.

Vijidudu vikivuka mlango, hukutana na walinzi wa ndani. Hawa ni chembe nyeupe za damu. Wako wanaomeza vijidudu, wako wanaotengeneza kingamwili za kuvikamata, na wako wanaokumbuka sura ya kila adui aliyewahi kuingia. Ndiyo maana mtu aliyeugua surua utotoni haugui tena kwa kawaida. Walinzi wake wanamkumbuka adui huyo.

2. Kwa nini kinga hupungua uzeeni?

Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi ndogo iitwayo thaimasi. Tunaweza kuiita shule, kwa sababu ndani yake baadhi ya chembe nyeupe hufundishwa kumtofautisha mwenyeji na adui. Tezi hiyo huanza kusinyaa baada ya balehe, na kwa mzee sehemu yake kubwa imegeuka mafuta. Kwa hiyo mzee ana walinzi wengi wa zamani wanaowajua maadui wa zamani, lakini walinzi wapya wa kupambana na adui mgeni ni wachache. Hata wanapoitwa, hufika polepole.

Ukuta na milango navyo hupungua nguvu. Ngozi inakuwa nyembamba na huchanika upesi. Kikohozi kinakuwa dhaifu. Wazee wengine humeza kwa shida, chakula au mate yakaingia njia ya hewa.

Tuseme ukweli: hakuna chakula, sindano wala mti shamba unaoweza kumrudishia mzee wa miaka 75 kinga ya kijana wa miaka 20. Anayekuuzia dawa ya namna hiyo anakudanganya. Lakini sehemu kubwa ya udhaifu tunaouona kwa wazee wetu haitokani na miaka. Inatokana na njaa, kiu, moshi, ugonjwa usiotibiwa, dawa mbaya na upweke. Hayo tunaweza kuyashughulikia, na ndiyo tutakayoyasoma hapa chini.

3. Ugonjwa usio na homa

Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika somo hili. Isome mara mbili.

Homa haitengenezwi na vijidudu. Mwili wenyewe huinua joto lake unapopambana navyo. Walinzi wakiwa wachache na wachovu, joto linaweza kupanda kidogo tu au lisipande kabisa. Mtoto mwenye nimonia huwaka moto. Bibi yake mwenye nimonia ile ile anaweza kuwa na mwili wa kawaida, hata wa baridi, asikohoe sana, na asilalamike maumivu.

Je, utajuaje? Tazama mabadiliko. Tuchukue mfano. Bibi mmoja kila asubuhi huamka mapema, hufagia mlangoni na kuwasalimia wapita njia. Jumatatu hakufagia. Jumanne alikula matonge mawili tu akasukuma sahani. Usiku alimwita mjukuu wake kwa jina la ndugu yake aliyefariki zamani, na alipotoka kwenda chooni alianguka. Familia ikasema, "Bibi amezeeka, anaanza kupotewa." Ukweli ni kwamba bibi huyo jana alikuwa na akili zake timamu. Uzee haumbadilishi mtu kwa siku mbili. Kinachombadilisha mtu kwa siku mbili ni ugonjwa.

Mpeleke mzee kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona hata moja kati ya haya:
1. Ameanza ghafla kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka, au kulala mchana kutwa wakati si kawaida yake.
2. Ameacha kula au kunywa.
3. Ameanguka bila sababu, au ameshindwa kusimama ilhali jana alisimama.
4. Anapumua haraka. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Hesabu kwa saa au simu dakika nzima. Zikifika 25 ni hatari. Zikifika 30 usingoje kupambazuke.
5. Mkojo umekuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, au ameanza kujikojolea.
6. Ana kidonda kinachonuka, kinachovimba au kisichopona.
7. Joto limepanda, hata kidogo. Mzee ambaye joto lake la siku zote ni nyuzi 36 akifikisha 37.5, usiseme "si homa kali."

Ukifika kwa mganga, usiseme tu "mzee ni mgonjwa." Sema jinsi alivyokuwa wiki iliyopita na jinsi alivyo leo: "Juzi alikuwa anatembea mwenyewe hadi bombani, leo hatambui watoto." Mganga hamjui mzee wako. Wewe unamjua. Na kipimo cha malaria kikionyesha hana, uliza kwa adabu, "Je, kifua na mkojo vimeangaliwa?"

4. Chakula: mzee asiwe wa mwisho

Walinzi wa mwili wanajengwa kwa chakula, hasa protini. Mwili usipopata protini hula misuli yake wenyewe. Ndipo mzee anapobaki mifupa na ngozi, mlango wake ukiwa wazi kwa kila ugonjwa.

Mgao kamili hupangwa kwa kiasi cha kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Tunajua kwamba katika miaka ya karibuni kambi nyingi zimepunguziwa mgao, na pengine mahali pa unga na maharage mnapewa pesa zisizotosha sokoni. Hatutajifanya kana kwamba hatulioni hilo. Kwa sababu hiyo hiyo, kugawana vizuri kilichopo ni jambo la kufa na kupona.

Katika nyumba nyingi mzee hula mwisho, au humwachia mjukuu sahani yake akisema, "Mimi nimeshiba, nimekula miaka mingi." Mzee wetu, tunaheshimu upendo huo. Lakini jina lako liko kwenye kadi. Chakula chako hakitolewi kwa hisani ya mtu. Na kama wewe ndiye unayewalea wajukuu waliofiwa na wazazi, fikiri: ukianguka wewe, nani atawaamsha kwenda shule? Kula sehemu yako ni kuwatunza wao.

Mzee mwenye uzito wa kilo 50 anahitaji protini kama gramu 50 hadi 60 kwa siku. Angalia inavyopatikana:
- kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa: karibu gramu 15;
- konzi moja ya karanga: karibu gramu 7;
- yai moja: karibu gramu 6;
- vijiko vikubwa viwili vya dagaa (ndagala) wakavu waliotwangwa: karibu gramu 10;
- unga wa mahindi gramu 300: karibu gramu 24.

Utaona kwamba ugali peke yake hautoshi, lakini ugali pamoja na vikombe viwili vya maharage na konzi ya karanga unafikisha kiasi hicho. Si lazima nyama.

Shida ya pili ni meno. Wazee wengi hawashibi kwa sababu hawawezi kutafuna. Fanya hivi:
- Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, pika hadi yaive kabisa, kisha yaponde kwa mwiko. Maharage yaliyolowekwa huiva haraka na huokoa kuni.
- Kaanga karanga, zitwange, na uchanganye na sombe (kisamvu), lenga-lenga (mchicha) au uji.
- Twanga dagaa wawe unga. Nyunyiza kijiko kwenye kila sahani ya mzee.
- Ukipata unga wa uji wenye soya, tenga sehemu ya mzee. Uji huo umeongezwa vitamini na madini. Si wa watoto peke yao.
- Ongeza kijiko cha mafuta kwenye sahani. Mafuta ya mawese mekundu yana vitamini A, lakini usiyachome hadi yawe meupe, kwa sababu vitamini hiyo hupotea.

Mzee hashibi kwa sahani kubwa mara moja. Mpe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Na chai asinywe pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Angoje kama saa moja.

Bustani ya gunia mbele ya nyumba inaweza kutoa lenga-lenga baada ya wiki nne hivi. Tumia maji yaliyooshea vyombo au mboga. Mzee anayeweza kukaa kwenye kigoda anaweza kuitunza mwenyewe, na hapo anapata mboga, jua na shughuli.

*Kupima mkono.* Utepe wanaopimia mikono ya watoto wenye utapiamlo unafaa hata kwa wazee, mradi uwe mrefu wa kutosha. Kama hakuna, tumia utepe wa fundi cherehani. Pima katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Mzunguko ukiwa chini ya sentimita 21, mzee ana utapiamlo; mpeleke kituoni aandikishwe. Ukiwa chini ya sentimita 18.5, hali ni mbaya sana. Usingoje siku ya kliniki.

5. Maji: usingoje kiu

Uzeeni kiu hupungua. Mwili unakauka na mzee hajisikii. Wengine hujinyima maji makusudi kwa sababu choo kiko mbali na usiku kuna giza. Matokeo yake ni kuchanganyikiwa, kufunga choo, na uambukizo wa mkojo.

Mpe mzee kikombe cha maji safi akiamka, kikombe kila anapokula, na kikombe katikati ya mlo mmoja na mwingine, kama vikombe sita hadi vinane kwa siku. Uji, mchuzi na chai nyepesi vinahesabiwa. Tatizo likiwa ni usiku, anywe zaidi mchana na kidogo jioni, na awekewe ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda. Si aibu. Mzee aliyeambiwa na mganga apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo afuate maagizo hayo.

Mzee akiharisha, anza mara moja kumpa maji yenye chumvichumvi za pakiti. Kama hakuna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mwendo ni kwenda kituoni huku anakunywa.

6. Kuzuia vijidudu visiingie

Mlinzi mchovu husaidiwa kwa kufunga mlango.

*Mikono.* Sabuni na maji baada ya chooni, kabla ya kupika, na kabla ya kumlisha mzee. Mwenye mafua asimlishe mzee. Akilazimika, afunike mdomo na pua.

*Chandarua.* Wengi wetu tumetoka milimani, kama vile Masisi, Minembwe au Bururi, ambako malaria ni chache kuliko mabondeni. Kinga dhidi ya malaria hujengwa polepole na hupungua mtu akikaa muda mrefu bila kuambukizwa. Kwa hiyo mzee wa milimani akifika bondeni yuko katika hatari kama mtoto mdogo. Chandarua kimoja kikibaki, watoto wadogo, mama mjamzito na mzee walale ndani yake.

*Moshi.* Moshi wa kuni huchoma milango ya kifua. Usimweke mzee karibu na jiko wakati wa kupika. Pikia nje au fungua dirisha. Tumbaku, iwe ya kuvuta au kiko, hufanya vivyo hivyo. Mzee akiacha leo, hata akiwa na miaka 70, kifua chake kitapata nafuu.

*Miguu na ngozi.* Kila Jumamosi mwoshe mzee miguu, ikaushe katikati ya vidole, ipake mafuta, na utazame kama kuna kidonda, funza au mpasuko. Viatu, hata kandambili, ni sehemu ya ukuta wa mwili. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni.

*Kinywa.* Ufizi mchafu ni njia ya vijidudu kwenda kifuani. Aliyebaki na jino moja bado apigwe mswaki.

7. Chanjo si za watoto peke yao

Chanjo huwaonyesha walinzi sura ya adui kabla hajafika. Kwa mzee, walinzi hujifunza polepole, kwa hiyo chanjo inaweza isimzuie kuugua kabisa. Lakini mara nyingi humzuia asizidiwe. Inapotangazwa kampeni ya chanjo ya kipindupindu ya kunywa, wazee nao hupewa. Uliza kituoni kwako chanjo gani ziko kwa wenye miaka 60 na zaidi, kama vile ya UVIKO-19 na ya pepopunda.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mtoto aliyechanjwa dhidi ya nimonia hubeba vijidudu hivyo kwa uchache puani mwake, na hivyo hamwambukizi babu anayelala naye chumba kimoja. Ukimpeleka mjukuu kliniki, umemkinga na mzee.

8. Magonjwa yanayokula kinga kimya kimya

*Kifua kikuu.* Vijidudu vya kifua kikuu vinaweza kukaa mwilini miaka mingi vimelala, vikazindukana kinga inapopungua. Mzee anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayekonda au kutoka jasho usiku, apimwe makohozi. Kifua kikuu cha kawaida kinatibiwa kwa vidonge vya kila siku kwa miezi sita, na dawa zake hutolewa bila malipo. Akipata nafuu mwezi wa pili asiache.

*Kisukari.* Mzee anayekojoa sana, mwenye kiu isiyoisha, na vidonda visivyopona apimwe damu. Sukari nyingi kwenye damu huwalegeza walinzi.

*Virusi vya Ukimwi.* Virusi havina umri. Wapo wazee wanaougua mara kwa mara na hakuna aliyewahi kufikiria kuwapima, kwa kuogopa kuwavunjia heshima. Kupima ni siri, na dawa za kila siku huirudisha kinga kwa kiasi kikubwa. Kumwacha mzee afe kwa sababu ya aibu si heshima.

9. Jihadhari na "dawa za nguvu" za sokoni

Sokoni kuna vidonge vidogo vya bei nafuu. Muuzaji husema vinaleta hamu ya kula na kunenepesha. Mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni. Hizi ni dawa za kweli, na daktari huzitumia kwa magonjwa fulani. Lakini kazi yao moja ni kuwalaza walinzi wa mwili. Mzee huvimba uso na mashavu, familia inafurahi kwamba amenenepa, kumbe ni maji na mafuta. Huku sukari inapanda, mifupa inakuwa dhaifu, na kifua kikuu kilicholala kinaamka.

Kama mzee wako amekuwa akimeza vidonge hivyo kwa wiki kadhaa, usimkatize ghafla, kwa sababu nako ni hatari. Chukua vidonge vyenyewe au karatasi yake, nenda navyo kituoni, na useme ukweli. Hakuna atakayekugombeza. Dawa itapunguzwa kidogo kidogo.

Sindano za vitamini nazo hazina faida kwa mtu ambaye shida yake ni njaa. Pesa ya sindano moja inunue mayai na karanga. Na dawa za kuua vijidudu zisinunuliwe moja moja sokoni: dozi isiyokamilika huwafunza vijidudu kuishinda dawa.

10. Mwendo, usingizi na moyo

Misuli ni ghala la protini la walinzi. Mzee anayekaa kitandani wiki moja hupoteza nguvu ambazo atahitaji wiki nyingi kuzirudisha. Kama hana maumivu ya kifua wala kizunguzungu, ainuke kwenye kiti na kuketi tena mara kumi, asubuhi na jioni, kisha atembee hadi kwa jirani. Anayetumia fimbo aitumie bila aibu.

Moyo nao una sehemu yake. Wazee wetu wameacha nyuma mashamba, ng'ombe na makaburi ya wapenzi wao. Huzuni ya muda mrefu hukata usingizi na hamu ya chakula, na kinga hushuka pamoja navyo. Mzee asiyeulizwa lolote hujiona mzigo. Muulize jina la mlima wa kwao, namna ya kuchagua mbegu, kesi ilivyoamuliwa zamani. Mkalishe na watoto. Mzee anayeishi peke yake awe na jirani mmoja anayebisha hodi kila asubuhi. Panga hilo leo kwenye mtaa wako, kwa jina la mtu.

Jipime: kweli au si kweli?

1. Mzee asiye na homa hawezi kuwa na nimonia.
2. Mzee anywe maji hata kama hana kiu.
3. Vidonge vya kunenepesha huongeza kinga ya mwili.
4. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla angojwe wiki moja aonekane.
5. Kumchanja mjukuu humsaidia babu.

*Majibu:* 1 si kweli, 2 kweli, 3 si kweli, 4 si kweli, apelekwe siku hiyo hiyo, 5 kweli.

Kwa majadiliano ya kikundi

- Katika nyumba zetu, nani hula mwisho, na kwa nini?
- Ni wazee gani katika mtaa wetu wanaoishi peke yao? Nani atabisha hodi kwa kila mmoja?
- Usiku mzee akizidiwa, tutambeba kwa nini, na nani atabeba? Amueni kabla ya siku hiyo kufika.

Ndugu msomaji, jioni ya leo, kabla hujalala, mtazame mzee wa nyumbani kwako. Je, amekula? Amekunywa? Anapumua vizuri? Ni yule yule wa wiki iliyopita? Kama si yule yule, usiseme "ni uzee tu." Mbebe mwende kituoni.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. Mpe jirani yako.